Saa, Kalamu na Runinga: Miaka 60 ya Kuikagua Taarifa ya Habari ya Mji

Mwenye kituo cha televisheni nchini Marekani anamiliki mnara, kamera, studio na magari yenye antena juu ya paa. Mawimbi yanayobeba picha zake si yake. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934 inampa ruhusa ya kuyatumia kwa muda tu, tena kwa sharti kwamba atumikie masilahi ya umma. Muda huo ulikuwa miaka 3 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukaongezwa kuwa 5, na tangu 1996 ni miaka 8. Ukiisha, leseni hurudi mezani kwa Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho, FCC, ambayo kwa miongo mingi imezoea kuipiga muhuri bila kuuliza mengi.

Kila leseni imefungwa kwenye mji wake. Afrika Mashariki mambo ni tofauti: mtazamaji wa Dar es Salaam anayesubiri taarifa ya habari ya saa mbili usiku, au wa Nairobi anayeisubiri ya saa moja, huletewa habari za nchi nzima kutoka makao makuu ya kituo. Mkazi wa Denver ana taarifa mbili. Moja ni ya taifa, inayorushwa na mitandao mikubwa kama NBC, CBS na ABC. Nyingine ni ya mji wake, inayosomwa na watu anaoweza kupishana nao sokoni, na ndiyo inayomwambia nani kauawa jana, barabara gani imefungwa, mvua itanyesha saa ngapi na timu ya shule imefungwa mangapi. Kampuni ya Nielsen, inayopima idadi ya watazamaji, imeigawa nchi hiyo katika masoko 210, na katika kila soko vituo vinagombea macho yale yale katika saa zile zile: alfajiri, jioni, na saa nne au saa tano usiku. Lawama dhidi ya taarifa hiyo ya mji zina umri sawa na taarifa yenyewe. Lawama zilizozaa kitu ni zile zilizotoka kwa watu waliokaa na saa na kalamu wakahesabu.

Hesabu iliyobadilisha sheria ilifanyika Jackson, mji mkuu wa Mississippi, kwenye kituo cha WLBT. Kituo hicho kilianza kurusha matangazo mwishoni mwa 1953 kikiwa mali ya kampuni ya bima ya maisha, katika eneo ambalo watu Weusi walikaribia nusu ya wakazi. Kwenye kioo hawakuonekana. Mwaka 1955, Thurgood Marshall, wakili wa chama cha kutetea haki za Weusi cha NAACP, alipohojiwa katika kipindi cha NBC, watazamaji wa Jackson waliwekewa kibao cha kuomba radhi kwamba kuna hitilafu ya waya. Waya ulikuwa mzima. Meneja wa kituo, Fred Beard, alijisifu baadaye mbele ya watetezi wa ubaguzi kwamba ni yeye aliyekata. Malalamiko yalipelekwa FCC na hayakuzaa chochote, maana neno la mlalamikaji lilikuwa dhidi ya neno la mwenye kituo, na picha ikishapita hewani imepita.

Mchungaji Everett Parker, mkuu wa ofisi ya mawasiliano ya kanisa la United Church of Christ, aliona kwamba kilichokosekana ni kumbukumbu. Kuanzia Machi 1 hadi 7, 1964, kundi la wakazi wa Jackson waliojitolea, Wazungu, walikaa kwa zamu mbele ya runinga katika nyumba ya mtu binafsi, wakiandika kila kilichorushwa: nani kaonekana, kasema nini, kwa muda gani. Walikuwa wamefundishwa kwanza na mwalimu wa chuo namna ya kujaza fomu. Majina yao yalifichwa, na sababu ilijulikana na kila mtu mjini. Miezi tisa hivi kabla ya hapo, Juni 12, 1963, Medgar Evers wa NAACP alipigwa risasi nje ya nyumba yake mjini humo, wiki chache baada ya kuhutubia kupitia kituo hicho hicho katika nafasi aliyoipata kwa kuidai.

Fomu za wiki ile zilionyesha kwa tarakimu kile ambacho kila Mweusi wa Jackson alikijua kwa macho. Parker alizipeleka FCC pamoja na viongozi wawili wa Weusi wa Mississippi, Aaron Henry na Robert L. T. Smith, kutaka leseni ya WLBT isihuishwe. Tume ilijibu kwamba hawana haki ya kusikilizwa. Kwa desturi ya wakati huo, aliyeweza kupinga leseni alikuwa mfanyabiashara mshindani anayeogopa hasara, au mwenye kituo kingine ambacho mawimbi yake yanaingiliwa. Mtazamaji, ambaye matangazo yote yanadaiwa kufanywa kwa ajili yake, hakuwemo. WLBT ikapewa leseni ya mwaka mmoja, kama mtoto aliyeonywa.

Machi 25, 1966, mahakama ya rufaa ya Washington iliukataa msimamo huo. Jaji Warren Burger aliandika kwamba wawakilishi halali wa watazamaji wana haki ya kushiriki katika shauri la leseni. Uamuzi huo, unaotimiza miaka 60 mwaka 2026, haukutoka kwa mwanamapinduzi. Burger alikuwa mhafidhina ambaye miaka mitatu baadaye Rais Nixon angemteua kuwa jaji mkuu wa nchi. FCC ilisikiliza shauri upya, ikaipa WLBT leseni tena mwaka 1968, na mahakama ile ile ikaifuta mwaka 1969 kwa maneno makali dhidi ya tume yenyewe. Kuanzia 1971 kituo kiliendeshwa na kampuni ya mpito isiyotafuta faida, na mwaka 1972 William Dilday akawa meneja wake mkuu, Mweusi wa kwanza kushika cheo hicho katika kituo cha televisheni cha kibiashara Marekani. Tangu kuhesabu hadi kufutwa leseni ilikuwa miaka mitano.

Wakati kesi ya Jackson ikipanda na kushuka mahakamani, taarifa ya habari ya mji ilikuwa inabadilika sura. Awali ilikuwa mtu mmoja mwenye sauti nzito, meza na karatasi. Mwaka 1965, Al Primo wa kituo cha KYW huko Philadelphia aliusoma mkataba wa chama cha wafanyakazi na kugundua kwamba unamruhusu kuwaweka waandishi wake hewani bila kuwalipa zaidi. Badala ya msomaji kusimulia yaliyotokea, mwandishi aliyekuwapo alisimama mbele ya kamera na kuyasimulia mwenyewe. Primo aliuita mtindo huo “Eyewitness News”, akauhamishia WABC ya New York mwaka 1968, na ndani ya miaka michache ukaenea nchi nzima. Mwaka 1970 kituo kingine cha Philadelphia, WFIL, kilijibu kwa “Action News”: habari fupi fupi, nyingi, zinazokimbizana na muziki. Karibu kila taarifa ya mji inayoonekana Marekani leo ni mjukuu wa mojawapo ya mitindo hiyo miwili, na inafaa kukumbukwa kwamba wa kwanza ulizaliwa kwenye kifungu cha mkataba wa mishahara.

Walioisambaza mitindo hiyo walikuwa washauri. Kampuni ya Frank Magid, iliyoanza katika jimbo la Iowa mwaka 1957, iliwahoji watazamaji wa kila mji kuhusu wanachopenda, kisha ikauza majibu kwa kituo: badilisha meza, fupisha habari, mweke mwanamke upande wa kushoto, watangazaji wazungumze wao kwa wao. Kwa kuwa watazamaji wa Ohio na wa Oregon walitoa majibu yanayofanana, na washauri walikuwa wale wale, msafiri aliyewasha runinga hotelini alishindwa kujua yuko mji gani. Huko Chicago, utani wa wasomaji wa WLS kati ya habari na habari ulipata jina la dhihaka la “happy talk”, yaani soga la furaha. Lilizua kelele kubwa kwenye magazeti ya miaka ya 1970, kubwa kuliko lilivyostahili. Msomaji habari anayecheka hamdhuru mtu. Aliyedhurika alikuwa msomaji mwenyewe, pale washauri walipoanza kumpima uso.

Christine Craft aliajiriwa na kituo cha KMBC cha Kansas City mwanzoni mwa 1981, akaondolewa kwenye meza ya kusoma habari kabla ya mwaka kwisha baada ya utafiti wa washauri kudai kwamba watazamaji hawakuvutiwa naye. Alikuwa na umri wa miaka 36. Kwa maelezo yake, aliambiwa kwamba amezeeka, si mrembo vya kutosha na hawanyenyekei wanaume. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa dola 500,000 mwaka 1983. Jaji akaamuru kesi isikilizwe upya, na baraza la pili likampa 325,000. Mahakama ya rufaa ikamnyang'anya zote mwaka 1985, na Mahakama ya Juu ya nchi ikakataa kuisikiliza kesi. Wanaume wenye mvi na vitambi waliendelea kusoma habari.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa la mitambo. Hadi katikati ya miaka ya 1970 habari zilipigwa kwa filamu ya milimita 16 iliyopaswa kusafishwa maabara kabla ya kukatwa na kuunganishwa, kwa hiyo tukio la jioni mara nyingi liliikosa taarifa ya jioni. Mwaka 1974 kituo cha KMOX cha St. Louis kiliachana na filamu kabisa na kuhamia kamera za video. Gari lenye mlingoti wa kurushia mawimbi likafuata, na neno “moja kwa moja” likawa fahari ya mji. Gari hilo ni ghali, na kilichonunuliwa ghali hakilazwi. Ndiyo asili ya lile tukio la kila usiku ambalo wakosoaji wamelicheka kwa nusu karne: mwandishi amesimama gizani, moja kwa moja, mbele ya jengo la mahakama lililofungwa saa sita zilizopita, akieleza kilichotokea mchana.

Lakini taarifa ya mji haikukosolewa zaidi kwa jambo lolote kuliko kwa uhalifu. Msemo wa waandishi wa Marekani kwamba habari inayovuja damu ndiyo hutangulia umezeeka hadi kuchosha, na unaficha sababu. Wanaoutumia huudhani ni msemo wa tamaa, kana kwamba wahariri wanapenda damu. Hesabu ya gharama inaeleza vizuri zaidi. Chumba cha habari kina redio inayonasa mawasiliano ya polisi. Saa tisa alasiri redio inataja mtaa. Gari moja na watu wawili wanaondoka. Wakifika wanakuta utepe wa njano, taa za buluu zinazozunguka, jirani mwenye huzuni na ofisa mwenye maelezo tayari. Habari imekamilika kwa saa moja. Kueleza kwa nini bajeti ya shule imepungua kunahitaji mwandishi asome nyaraka siku tatu, na mwisho hana picha zaidi ya jengo na meza ya kikao. Kituo chenye waandishi wanane na saa tano za hewani kwa siku hakihitaji roho mbaya ili kuchagua utepe wa njano.

Miami ulikuwa mji wa mfano. Kituo cha WSVN kilipoteza uhusiano wake na NBC mwanzoni mwa 1989, kikajaza pengo kwa habari zake chenyewe, ndefu, za kasi, zenye uhalifu mwingi na muziki wa kutisha. Watazamaji walikuja, na wafanyabiashara wa utalii wakakasirika. Mwaka 1994 baadhi ya hoteli za Florida kusini zilikifungia kituo hicho kwenye runinga za vyumbani ili wageni wasiogope kutoka nje. Tukumbuke kwamba mauaji nchini Marekani yalikuwa yanapungua: kutoka 9.8 kwa kila watu 100,000 mwaka 1991 hadi 5.5 mwaka 2000. Mtazamaji wa taarifa ya usiku hakuwa na namna ya kuliona hilo, kwa sababu mauaji yasiyotokea hayapigwi picha.

Huko Denver, daktari aitwaye Paul Klite aliirudia kazi ya Jackson kwa njia yake. Shirika lake, Rocky Mountain Media Watch, lilirekodi taarifa za vituo vya miji mingi katika usiku mmoja, kisha likazipima kwa saa: dakika za uhalifu, za maafa, za matangazo ya biashara, za soga. Jumla ya damu, moto na vita katika habari aliiita kipimo cha ghasia. Mwaka 1998 shirika hilo liliiomba FCC isihuishe leseni za vituo vinne vya Denver kwa hoja kwamba taarifa hizo ni sumu kwa wananchi. Tume ilikataa. Katiba ya Marekani inamlinda mhariri mbaya sawasawa na mhariri mzuri, na hapo ndipo kesi ya Denver ilipotofautiana na ya Jackson: WLBT ilinyang'anywa leseni kwa kuwafungia nje karibu nusu ya watu wake na kukwepa sheria ya wakati huo iliyotaka pande zote zisikike, kosa lenye kifungu. Ladha mbaya haina kifungu.

Hata hivyo hesabu iliendelea, safari hii vyuoni. Mwaka 2000 Franklin Gilliam na Shanto Iyengar walichapisha jaribio walilolifanya Los Angeles. Watu walionyeshwa taarifa ya habari ya mji iliyokuwa na habari moja ya uhalifu. Wengine waliona picha ya mtuhumiwa Mweusi. Wengine uso ule ule uliobadilishwa rangi kwa kompyuta ukawa wa Mzungu. Na wengine hawakuonyeshwa mtuhumiwa yeyote. Katika kundi hilo la mwisho, zaidi ya asilimia 60 walisema walimwona mtuhumiwa, na asilimia 70 ya hao walisema alikuwa Mweusi. Mazoea ya kuitazama taarifa hiyo kwa miaka yalikuwa yamewachorea uso usiokuwapo.

Los Angeles ndiko pia helikopta ilikotawala. KTLA ilirusha helikopta yake ya kwanza ya habari mwaka 1958, na kufikia miaka ya 1990 mfukuzano wa polisi na gari barabarani ulikuwa kipindi kamili, bila mwandishi, bila maswali, bila mwisho unaojulikana. Aprili 30, 1998, vituo kadhaa vilikuwa vinaonyesha moja kwa moja mtu aliyeegesha gari juu ya makutano ya barabara kuu, baadhi vikiwa vimekatiza vipindi vya watoto, mtu huyo alipojiua mbele ya kamera. Vituo viliomba radhi. Julai 27, 2007, helikopta mbili za vituo viwili vya Phoenix ziligongana angani zikifuatilia mfukuzano wa aina hiyo, na wote wanne waliokuwamo wakafa. Habari yenyewe iliyowapeleka angani siku hiyo hakuna anayeikumbuka.

Wapo waliojaribu kutoka kwenye mkondo huo wakiwa ndani. Januari 1996 kituo cha KVUE cha Austin, Texas, kikiongozwa na mhariri wake Carole Kneeland, kilianza kuipitisha kila habari ya uhalifu kwenye maswali matano: Je, usalama wa watu uko hatarini sasa hivi? Je, watoto wako hatarini? Je, kuna hatua ambayo mtazamaji anapaswa kuchukua? Je, tukio limeigusa jamii kwa uzito? Je, habari inasaidia kuzuia uhalifu? Isiyopata hata “ndiyo” moja haikurushwa, hata kama washindani wote walifungulia nayo. Watazamaji hawakukikimbia kituo. Sera ile ilizungumziwa sana mikutanoni na kuigwa kidogo mno, pengine kwa sababu inamlazimu mhariri kuwa na habari nyingine ya kuweka mahali pake.

Jaribio la Chicago lilikuwa na kishindo zaidi. Mwaka 1997 kituo cha WMAQ kilimwajiri Jerry Springer, mwendesha kipindi cha watu wanaorushiana viti, kutoa maoni ndani ya taarifa ya habari. Carol Marin, msomaji habari aliyeheshimiwa kuliko wote mjini, alijiuzulu. Mwenzake Ron Magers akafuata. Springer alisoma maoni mara mbili tu, akaondoka. Februari 2000 Marin alikabidhiwa taarifa ya saa nne usiku ya WBBM, bila soga, bila muziki wa kukimbiza, habari ndefu zilizofanyiwa kazi. Oktoba mwaka huo huo ikaondolewa kwa kukosa watazamaji. Tangu siku hiyo kila mwenye kituo anayetaka kuepuka gharama ana jibu mkononi: tulijaribu Chicago, watu hawakutaka.

Jibu hilo lina kasoro ya kihesabu. Kuanzia 1998 hadi 2002 kundi la watafiti wakiongozwa na Tom Rosenstiel lilichambua zaidi ya habari 30,000 za vituo vya miji na kuzilinganisha na takwimu za watazamaji. Matokeo yao, yaliyotoka kama kitabu mwaka 2007, yalionyesha kwamba mfukuzano na ajali havikuongeza watazamaji kuliko habari nyingine. Kilichoongeza ni jitihada: habari yenye vyanzo kadhaa, iliyofuatiliwa, iliyopewa muda. Bajeti ya shule ikifanyiwa kazi kama inavyofanyiwa kazi mauaji, ilitazamwa. Katika miezi ya Februari, Mei, Julai na Novemba, ambayo Nielsen iliitumia kupima watazamaji kwa ajili ya bei za matangazo, vituo vyenyewe vilikiri hilo kwa vitendo, kwa kuwa ndiyo miezi vilipotoa waandishi wao kwenye zamu za kila siku na kuwapa wiki kadhaa za kuchimba. Mengi yaliyotoka humo yalikuwa vitisho vya jikoni: viini kwenye kitambaa cha kufutia vyombo, hatari iliyojificha chini ya kitanda. Lakini Februari 2000 kituo cha KHOU cha Houston kilitangaza uchunguzi wa matairi ya Firestone yaliyokuwa yakipasuka kwenye magari ya Ford Explorer na kuua watu. Kampuni ilikana. Watazamaji walijaza simu za kituo na za idara ya serikali wakieleza ajali zao, na Agosti mwaka huo matairi milioni 6.5 yakarudishwa. Magazeti makubwa ya nchi yalikuwa yameipita habari hiyo.

Palipo na upungufu mkubwa kuliko wote hapana damu wala muziki, na huonekana kwa saa tu. Watafiti wa kituo cha Norman Lear cha Chuo Kikuu cha Southern California walipima taarifa za vituo vya miji kabla ya uchaguzi wa 2004, wakakuta asilimia 92 hazikuwa na habari hata moja ya kinyang'anyiro cha viti vya eneo husika. Matangazo ya kulipiwa ya wagombea hao hao yalijaa kati ya habari. Katika utafiti mwingine uliotolewa 2010, walikadiria kwamba nusu saa ya kawaida ya habari ya Los Angeles iliipa serikali ya mji sekunde 22. Hapo ni bajeti, polisi, shule, sheria ndogo na kura, vyote pamoja, katika mji wenye watu karibu milioni nne.

Umiliki nao ulibadilika. Hadi katikati ya miaka ya 1980 kampuni moja haikuruhusiwa zaidi ya vituo 7 vya televisheni, ikaruhusiwa 12, na sheria ya 1996 ikaondoa idadi na kubakiza kikomo cha asilimia ya kaya zinazofikiwa, leo 39. Kampuni za familia zilinunuliwa na kampuni zenye vituo kwa makumi, kisha kwa mamia. Aprili 2004 kampuni ya Sinclair iliviamuru vituo vyake vilivyounganishwa na ABC visirushe kipindi cha kusoma majina ya wanajeshi wa Marekani waliokufa Iraq. Mwaka 2018 iliwaandikia wasomaji habari wake tamko moja kuhusu habari za uongo na kuwataka wasome kama neno lao. Mtu wa tovuti ya michezo ya Deadspin aliunganisha video za makumi yao, kutoka Seattle hadi Carolina, wakitamka sentensi ile ile kwa wakati mmoja, na video hiyo ikaenea nchi nzima kwa siku mbili. Ilikuwa ukaguzi wa Jackson kwa mkasi wa kompyuta: hakuna neno la mkosoaji ndani yake, ni kituo tu kinasikika. Ununuzi wa kampuni ya Tribune wa dola bilioni 3.9 ambao Sinclair ilikuwa ikiutafuta ulivunjika Agosti mwaka huo, na mwaka 2020 kampuni ikakubali kulipa FCC dola milioni 48.

Ndani ya vyumba vya habari saa za hewani zimeongezeka na watu hawajaongezeka kwa kiasi hicho. Mwandishi wa mji mdogo siku hizi huendesha gari, hutega kamera, huwasha taa, hujirekodi mwenyewe mbele yake, kisha hukata picha na kuandika. Januari 2022, huko West Virginia, mwandishi mmoja aliyekuwa peke yake barabarani usiku aligongwa na gari akiwa moja kwa moja hewani. Alianguka, kamera ikaanguka, akainuka akasema yuko salama, akaisimamisha kamera na kuendelea na habari ya bomba la maji lililopasuka. Watazamaji walimsifu kwa ushupavu. Waliowahi kufanya kazi hiyo waliuliza mpiga picha alikuwa wapi.

Haki iliyopatikana mwaka 1966 bado ipo. Tangu 2012 vituo vya televisheni vinatakiwa kuweka jalada lao la umma kwenye intaneti, likiwa na orodha ya masuala ya jamii vinayodai kuyashughulikia kila robo mwaka na malipo ya matangazo ya kisiasa. Zamani ilibidi mtu aende kituoni aliombe kaunta. Katika mzunguko uliopita wa leseni, wananchi waliipinga leseni ya kituo cha Fox cha Philadelphia mwaka 2023 kwa sababu ya uongo wa uchaguzi uliotangazwa na chaneli ya taifa ya mmiliki wake. Januari 2025 mwenyekiti wa FCC alilitupa ombi hilo, pamoja na malalamiko yaliyotoka upande wa pili wa siasa. Mzunguko ujao wa leseni za televisheni unaanza 2028, na wa kwanza kuwasilisha maombi watakuwa, kama mwaka 2020, vituo vya Washington, Maryland, Virginia na West Virginia.